Masega ya Ekzosi kwa Mazda RX-8 ya Zamani: Yapi ya Kununua Ukiwa Dodoma

Mwenye Mazda RX-8 akiingia dukani kutafuta masega ya ekzosi (catalytic converter, kifaa cha kusafisha moshi wa gari), swali la kwanza huwa ni lile lile: injini ni ya cc ngapi? Akisoma kadi ya gari atajibu 1,308, na muuzaji, kwa nia njema kabisa, atamletea kifaa kinachomfaa mwenye Vitz. Hapo ndipo fedha nyingi hupotea. Injini ya RX-8 ni ya rotari, haina pistoni; ina rota 2 za umbo la pembetatu, na kila shafti inapozunguka mara moja, kila rota huchoma chumba kizima cha cc 654, ilhali injini ya pistoni huhitaji mizunguko 2 ya shafti ili silinda zake zote ziwe zimechoma. Kwa hiyo moshi unaotoka humo unakaribiana na ule wa injini ya lita 2.6. Wajapani wenyewe wanalijua jambo hili, ndiyo maana katika kodi yao ya magari ujazo wa rotari huzidishwa kwa 1.5. Muuzaji akikuuliza, taja gari na aina ya injini, usitaje cc.

Kabla ya kutoa hata shilingi, jiulize ni nini kilichoyaua masega ya kwanza, kwa maana katika gari hili huwa hayafi yenyewe. Injini ya RX-8, hata ikiwa nzima, hunyunyiziwa oili kidogo ndani ya vyumba vya kuchomea ili kulainisha sili za rota, yaani vizibo vya kingo zake. Oili hiyo huungua, na mabaki yake hutanda juu ya madini ya platinamu, paladi na rodi yaliyopakwa kwenye masega hadi yashindwe kufanya kazi. Hicho ni kifo cha polepole. Kifo cha ghafla husababishwa na koili za kupeleka umeme kwenye plagi, ambazo ziko 4 na huchoka mapema: moja ikidhoofika, petroli ambayo haijaungua huingia kwenye ekzosi na kuwakia humo, na kauri ya masega huyeyuka na kuziba njia. Moshi ukikosa pa kutokea, joto hurudi kwenye injini yenyewe na kuziumiza sili. Anayefunga masega mapya huku koili ni zile zile za tangu gari lishuke bandarini, basi anajiandaa kuyanunua tena.

Kipimo ni rahisi. Gari likiwa limepoa na kuinuliwa kwa jeki, gonga masega kwa kiganja. Ukisikia kitu kikicheza ndani kama kokoto kwenye kopo, kauri imekatika. Yakifunguliwa, mulika tochi upande mmoja na uchungulie upande wa pili: masega mazima huonyesha vitundu vingi vidogo vyenye mwanga, kama chekeche. Katika gereji moja ya Kizota nilichungulia ya kwangu nikaona giza tupu, na pembeni mwanga mwembamba kama ukucha. Ndipo nilipoelewa kwa nini gari lilikuwa likikataa kuongeza kasi kwenye mlima mdogo tu.

Sasa nije kwenye uchaguzi. Nafasi ya kwanza naipa masega mapya yaliyotengenezwa na kampuni huru mahususi kwa RX-8, yenye flanji za kufunga kwa bolti, tundu la sensa ya oksijeni ya nyuma, na sega la chuma badala ya kauri, lenye vitundu 200 hadi 400 kwa inchi ya mraba. Chuma hakimeguki kwa urahisi pale gari linapopita kwenye matuta ya barabara zetu, na moshi hupita kwa wepesi zaidi. Yenye vitundu 200 huachia injini ipumue vizuri, lakini yanaweza kuwasha taa ya injini kwa msimbo P0420, kwa sababu husafisha moshi kidogo kuliko ya kiwandani. Asiyetaka kuiona taa hiyo achukue ya 400.

Masega halisi ya Mazda nayaweka nafasi ya pili, kwa sababu ya bei pekee. Kwa ubora hayana mpinzani, lakini kwa gari ambalo uzalishaji wake ulikoma mwaka 2012, gharama ya kuyaagiza inaweza kukufanya uitazame upya thamani ya gari zima. Ikiwa injini yako imefanyiwa ukarabati mkubwa karibuni na unakusudia kukaa nalo miaka mingi, yanunue.

Nafasi ya tatu, kwa mbali, ni masega ya kubuni, yaani yasiyotengenezwa mahususi kwa gari lolote, yanayokatwa na kuchomelewa. Yanaweza kufaa iwapo tu utachagua saizi ya injini ya lita 2.5 au zaidi, na mchomeleaji akawa mtu wa kazi safi, kwani tone la chuma likibaki ndani ya bomba huathiri mtiririko wa moshi.

Ya mtumba kutoka Japani nayaweka mwisho, ingawa ndiyo wengi hukimbilia. Niliwahi kuagiza kutoka Dar es Salaam yakaja kwa basi, yamefungwa vizuri kwa gazeti, na nilipoyafungua kidole kilitoka na masizi mazito ya oili. Yalitoka kwenye injini iliyokuwa na ugonjwa ule ule wa kwangu. Huwezi kuyajua mpaka uyachungulie, na muuzaji aliye umbali wa kilomita 450 hatakuchungulilia. Bomba tupu sikulipa nafasi: injini hupata nafuu ya joto, lakini kelele za rotari isiyo na masega na harufu ya petroli huwachosha majirani kabla ya mwenye gari.

Wakati wa kufunga, nunua gasketi mpya, na stadi (bolti zisizo na kichwa) zilizoshikwa na kutu zipuliziwe mafuta siku moja kabla. Bati la kukinga joto lirudishwe mahali pake, hata kama fundi anadai linapiga kelele. Masega ya rotari huwa na joto kali, na kuanzia Julai nyasi za viwanja vya Nzuguni na Ihumwa huwa zimekauka kiasi cha kuwaka ukiegesha juu yake.

Masega ya zamani ondoka nayo, kwa sababu madini yaliyomo yana wanunuzi hata yakiwa yameziba, na ya kiwandani huthaminiwa kuliko ya kubuni. Fundi akikuambia chuma chakavu hicho umwachie yeye, mwombe akipakie kwenye buti.