Siti ya baiskeli isiyoumiza hapa Dodoma: mi nasimama na ya mtumba ya Japani yenye springi

Nianze na jibu kwa wenye haraka. Kama baiskeli yako ni ya kukaa wima, zile za Kijapani zenye kikapu mbele au Phoenix, na unazunguka nayo hapa mjini na mzigo kwenye keria, tafuta siti ya mtumba ya Japani, pana nyuma, pua fupi, yenye springi mbili nene chini. Kava ya jeli achana nayo, na zile mpya nene zinazong'aa madukani usizikimbilie. Alafu mlipe fundi akufungie vizuri, maana siti nzuri ikifungwa vibaya inatesa vilevile.

Mi nauza vitafunwa, chapati, sambusa, maandazi. Nakaa Chang'ombe na wateja wangu wengi ni wa maofisini, Makole, Uhindini, wengine mpaka Area D, ndoo inakaa nyuma kwenye keria na chupa za chai kwenye kikapu. Njia mnaijua, ukitoka mitaani kwetu ni vumbi na makorongo yaliyochimbwa na maji ya mvua, ukifika lami unakutana na rasta na matuta, na ukiwa na mzigo huwezi kunyanyuka kwenye siti kila tuta maana ndoo inayumba na baiskeli inakuvuta nyuma. Kwaiyo kila kitu kinaishia makalioni. Nasema wazi kwa sababu wanawake wenzangu tunaoendesha tunanyamaza sana kwenye hili, mtu anapata michubuko mapajani, anapata ganzi sehemu za siri, anaona aibu kumuuliza hata muuza siti, mwisho anaiuza baiskeli anarudi kupanda bodaboda na hela yote ya faida inaishia huko. Ganzi sio kitu cha kuzoea, iwe kwa mwanamke au mwanaume. Maana yake siti inabana mishipa ya damu na ya fahamu inayopita katikati, na ukiisikia ujue hapo kuna kitu cha kurekebisha, aidha siti yenyewe au ilivyofungwa.

Haya tuje kwenye vitu vyenyewe.

Kava ya jeli, ile ya kuvalisha juu ya siti na kukaza kwa kamba. Zinauzwa na wamachinga, bei inacheza kwenye elfu 8 mpaka 10. Ukiibonyeza na kidole unaipenda, ukikaa dakika za mwanzo unaipenda zaidi. Shida inakuja ukienda mbali kidogo. Uzito wa mtu aliyekaa wima unabebwa na mifupa miwili ya chini ya makalio, ile unayoisikia ukikaa kwenye ngazi ya saruji. Kitu laini sana kinaiacha hiyo mifupa izame, jeli inakimbilia katikati inanyanyuka, na pale katikati ndo penye nyama laini na mishipa ambayo haitakiwi kukandamizwa. Kwaiyo unaongeza ulaini na ganzi inaongezeka, na ndo maana watu wanaongeza sponji wanashangaa hawaponi. Alafu kwa jua letu hili ikikaa nje ya ofisi ya watu saa tano inakuwa ya moto kabisa, na kamba inalegea kava inateleza pembeni kila ukikanyaga. Ya kwangu nimempa mdogo wangu anakalia kwenye stuli jikoni.

Siti mpya ya dukani. Nilinunua moja duka fulani la katikati ya mji, elfu 25, pana, nene, ina mistari myekundu, muuzaji anasema ni ya madamu. Upana kweli ilikuwa nao. Ila ilikuwa na pua ndefu na nene, na ukikanyaga pedeli paja linasugua pale pua inapoungana na upana, mi navaa gauni au kitenge nashindana na hiyo pua siku nzima. Ila kilichoniudhi zaidi ni klempu, kile chuma cha chini kinachoishika siti kwenye bomba lake. Klempu ya siti ina visahani viwili vyenye meno madogo yanayong'atana ili siti isiiname, sasa ile ilikuwa bati jepesi, meno yakalika ndani ya muda mfupi, nikipita kwenye tuta pua inaelekea juu, nikishuka naikuta imenipandia. Unakaza nati inashika mpaka tuta linalofuata. Nilirudisha nikaambiwa bidhaa ikishafungwa hairudi. Sawa, lakini nawaambia wenzangu, kabla hamjatoa hela geuzeni siti chini juu muangalie klempu kwanza, juu ni mapambo tu.

Ya ngozi. Hii sijaimiliki ila nimeikalia, kuna mteja wangu anaendesha baiskeli kwenda kazini na ana Brooks ya ngozi, akanipa nizunguke nayo uwanjani pale kwao. Hiyo kampuni ni ya Uingereza, ilianzia Birmingham mwaka 1866 wakitengeneza vitu vya ngozi, na inasimuliwa kwamba mwenyewe Brooks farasi wake alikufa akaanza kutumia baiskeli, siti ya enzi hizo ikamtesa mpaka akaamua kutengeneza yake, mwaka 1882 akaisajili. Kwaiyo haya maumivu yetu ni ya zamani. Ngozi yake haina sponji hata kidogo, imewambwa mbele na nyuma kwenye chuma kama ngozi ya ngoma, ina bolti mbele ya kuikaza ikilegea. Mwanzoni ni ngumu kweli, inaanza kushika umbo la mwenye nayo taratibu kadiri anavyoikalia. Nimeielewa na nimeipenda, ila kwa kazi yangu hapana. Bei yake mpya unapata baiskeli nzima ya mtumba, haitaki kuloana, na kwa ukavu wa huku kwetu kuanzia Mei mpaka Novemba lazima uipake mafuta yake isije ikapasuka. Na ukiiacha nje ya ofisi ya watu roho haitulii. Kama kazi yako ina sehemu ya kuingiza baiskeli ndani na hela ipo, mi nakubali ni kitu kizuri sana.

Sasa hii ya kwangu. Niliipata kwa mzee mmoja fundi, yupo chini ya mwarobaini maeneo ya Majengo, sio mbali na soko. Ana baiskeli za Kijapani alizozikatakata, siti zimening'inia kwenye waya. Nikamsalimia kwa Kigogo, mbukwa, alafu shikamoo mzee, akaitika, nikamwambia nataka siti ya kubebea mzigo, naumia. Hakuniuliza bei ninayotaka, aliniuliza, "Unaumia wapi mwanangu, kwenye mfupa au katikati?" Tangu ninunue vitu vya baiskeli hakuna aliyewahi kuniuliza hivo. Nikamwambia katikati. Akachukua boksi la mafuta ya kula, akalikunjua, akaliweka kwenye benchi akaniambia kaa, nyanyua magoti kidogo, bonyea. Nikasimama, kwenye boksi pamebaki mabonyeo mawili. Akapima na futi kamba kutoka katikati ya bonyeo moja mpaka la pili, ikasoma sentimita 13 na kidogo. Akasema kwa baiskeli ya kukaa wima unaongeza kama sentimita 3 au 4, anayeinama mbele kama wale wa mashindano anaongeza kidogo tu maana akiinama anakalia sehemu nyembamba zaidi. Kwaiyo mi nilitakiwa nitafute ya 17 kwenda juu, na siti yangu ya zamani ilikuwa 15 na ushee. Yaani mifupa ilikuwa inaning'inia pembeni, uzito wote unabebwa na katikati. Hilo boksi mtu yeyote anaweza kulifanya nyumbani, halina gharama, na wanawake wengi mifupa yetu imeachana zaidi ya ya wanaume kwaiyo siti iliyokuja na baiskeli ya kaka yako isikushangaze ikikutesa.

Siti aliyonipa ni nyeusi, ngozi ya plastiki, ina upana wa kama sentimita 20, pua fupi, sponji yake ngumu ukiibonyeza, haibonyei kizembe. Chini ina springi mbili kubwa nyuma. Elfu 15 pamoja na kufunga. Hapo klempu nikaigeuza mwenyewe nikaangalia, chuma kizito, meno makali, Wajapani walikuwa hawajacheza. Na faida nyingine, siti hizi nyingi zinakuja na klempu yake ya kuingia kwenye bomba la kawaida lenye kichwa chembamba cha milimita 22, ambalo ndo lipo kwenye baiskeli nyingi za kizamani na za mtumba. Kama yako ni mauntenibaiki yenye bomba lenye klempu ya kuungana hukohuko juu, utatoa klempu kwenye siti na kufunga fito zake mbili za chini, mwambie fundi aangalie kabla hujalipa.

Kufunga ndo kulichukua muda na nashukuru kulichukua. Mzee alinikalisha nikaegemea ukuta, akaniambia weka kisigino kwenye pedeli iliyo chini kabisa, mguu unyooke bila kiuno kuinama upande, hapo ndo urefu wa siti. Ukija kukanyaga na sehemu ya mbele ya mguu goti linabaki limekunja kidogo, inavyotakiwa. Ikiwa juu sana kiuno kinacheza kushoto kulia na ndo michubuko inapotokea, ikiwa chini sana magoti yanauma na uzito wote unashukia makalioni kwa sababu miguu haisaidii kubeba. Huku mtaani wengi tunaweka chini ili tukisimama miguu yote ikanyage, mi nimezoea sasa kushuka mbele ya siti nikisimama, haina shida. Alafu akaangalia ule mstari kwenye bomba unaoonyesha mwisho wa kunyanyua, usiuvuke, bomba litapinda au fremu itapasuka. Mwisho akaweka pimamaji ya waashi juu ya siti akailaza sawa kabisa. Pua ikinyanyuka inachoma katikati, ikishuka unateleza mbele viganja vinaanza kuuma. Tulizunguka nayo, nikarudi, akashusha pua kidogo sana, kama unene wa shilingi mia, akakaza na spana kwa nguvu zote.

Tofauti niliisikia kwenye rasta. Mshtuko unafika ila umekatwa makali, springi zinabonyea zinarudi, ndoo nyuma inatulia. Ganzi imeisha. Ile siku ya kwanza mifupa iliuma kidogo, na wiki ile ya mwanzo niliisikia kama nimekaa kwenye benchi la hospitali muda mrefu, mzee alinionya kwamba sehemu inayobeba uzito imebadilika na nyama zitazoea. Zikazoea. Saivi narudi nyumbani mchana nakaa chini kusafisha vyombo bila kutafuta mto.

Mapungufu yapo na niyaseme. Ni nzito, ukilinganisha na siti za plastiki nyembamba inaongeza uzito unaousikia ukiinyanyua baiskeli kwenye ngazi. Springi zinalia zikiingia vumbi, na vumbi letu jekundu linaingia kila mahali, dawa yake ni kufuta na brashi na kupaka grisi kidogo pale springi inapoungana na chuma, usimwage oili nyingi maana itashika vumbi zaidi na kuchafua nguo. Kitenge kiliwahi kunasa kwenye springi kikachanika pindo, nikarudi kwa mzee akakata tyubu kuukuu vipande viwili, akavivisha kwenye kila springi kama soksi, basi, hainasi tena na kelele zimepungua pia. Kama unavaa gauni mwambie akufanyie hivo tangu mwanzo. Na plastiki ya juu ni ya mtumba, jua la hapa litaipasua tu siku moja, maji ya mvua yataingia kwenye sponji na utakuwa unakalia maji. Mi nimenunua kofia ya kuogea ya mia tano, naivalisha siti nikipaki. Mifuko ya plastiki ilishapigwa marufuku tangu Juni 2019 kwaiyo usihangaike nayo, na kofia ya kuogea ina lastiki yake haipeperuki na upepo wa huku. Kukiwa na jua kali naongeza kipande cha khanga juu, siti inakuwa ya vuguvugu tu badala ya kuchoma.

Kwa anayeendesha umbali mrefu sana kwa kuinama, wale vijana nawaona asubuhi wanashuka barabara ya Morogoro wamevaa helmeti, hii sio yenu, springi zitawala nguvu na upana utawasugua mapaja, nyie tafuteni nyembamba yenye mfereji katikati. Nazungumzia sisi wa mzigo, wa sokoni, wa kazini, na wanafunzi.

Nyota nne kati ya tano kwa siti, hiyo moja nimeitoa kwa sababu ya uzito na plastiki kuukuu. Fundi nampa tano zote. Ukienda nenda asubuhi kabla foleni ya pancha haijajaa maana miiba ya huku haiishi, nenda na baiskeli yako na uvae nguo unayoendeshea, na usikubali akufungie bila wewe kukaa juu. Anapokea pesa taslimu na ya simu. Jumapili hafungui.