Falanksi ya Makedonia kwa Milimita 28: Ngao Safi, Mikuki Mifupi

Sanduku hili lina askari 40 wa plastiki ngumu, wa kimo cha milimita 28, na kifuniko chake kinatangaza kwamba hao ni askari wa miguu wa Alexander Mkuu. Nililinunua kwa haja moja tu: kupanga mezani falanksi, yaani kikosi cha askari wa mikuki mirefu waliosongamana safu kwa safu, ambayo mtu akiitazama kutoka mbele ataona mwenyewe kwa nini ilikuwa vigumu kuisogelea. Baada ya majuma matatu ya kuunganisha, kupaka rangi na kupima kila kitu kwa rula, naweza kusema kwamba aliyezichonga sanamu hizi ana mkono mwepesi, lakini hakukaa chini akafikiri silaha ile ilivyokuwa ikitumika.

Kwa ngao sina neno. Katika kipimo hiki milimita 1 ni sawa na sentimita 6 hivi za kweli, na ngao za sandukuni zina kipenyo cha milimita 11, yaani sentimita 66. Asclepiodotus, aliyeandika juu ya mbinu za vita katika karne ya 1 KK, anasema ngao bora ya falanksi ni ya shaba, yenye upana wa viganja vinane na isiyobonyea sana, kwa hiyo mchongaji hakwenda mbali. Kilichonifurahisha zaidi ni ukanda mwembamba unaotoka kwenye ngao na kuzunguka shingo, kwa kuwa askari huyu alihitaji mikono yote miwili kwa ajili ya mkuki, na bila ukanda ule uzito wote wa ngao ungeulemea mkono wa kushoto.

Tatizo ni mkuki wenyewe, ule ulioitwa sarisa, unaohusishwa na mageuzi ya Philip II, baba yake Alexander, aliyeshika utawala wa Makedonia mwaka 359 KK. Theophrastus, aliyeishi zama hizohizo, anataja sarisa ndefu kuliko zote kuwa ya dhiraa 12, karibu mita 5.4, na Polybius, mwanahistoria wa Kigiriki aliyeandika katika karne ya 2 KK, anataja dhiraa 14. Kwa kipimo cha sanduku hili, mkuki ulipaswa kuwa na milimita 90 hadi 105. Nilipoupima nikakuta 72. Upungufu huo hauishii kwenye sura, kwani Polybius anaeleza kwamba dhiraa 4 za mkuki zilichukuliwa na nafasi ya mikono pamoja na sehemu ya nyuma ya kusawazisha uzito, zikabaki dhiraa 10 mbele ya mwili, na kwa kuwa safu moja ilitengana na nyingine kwa dhiraa 2, ncha za safu tano za kwanza zote zilimtangulia mtu wa mbele. Askari wa Kirumi aliyepambana na falanksi kama hiyo, ambaye alihitaji nafasi pana zaidi ili atumie upanga wake, alijikuta peke yake akikabiliwa na ncha 10. Nilipozipanga sanamu kama zilivyotoka kiwandani, juu ya vibao vyake vya milimita 20, zilizojitokeza mbele zilikuwa ncha za safu tatu tu, na kikosi kizima kikafanana na walinzi wa getini wanaosubiri kubadilishana zamu.

Dawa niliipata kwenye ufagio wa chelewa. Vijiti vya mishikaki nilivijaribu kwanza, vikawa vinene kama milingoti ya jahazi. Chelewa ikiparwa kwa wembe hubaki nyembamba mbele na nene kidogo nyuma, tena haipindi ovyo. Niliikata kwa milimita 105 na kuitia nyuma kipande cha waya cha milimita 7, kwa sababu mikuki ya kiwanda haina kabisa kitako cha chuma, ilhali mwanaakiolojia Manolis Andronikos alifukua kule Vergina, Ugiriki, kitako kimoja chenye sentimita 44.5. Vibao nilivipunguza kwa msasa hadi milimita 15. Nilipoinama macho yakawa usawa wa meza, upande wa adui, kila msururu, yaani watu waliosimama mmoja nyuma ya mwingine, ulinielekezea ncha tano. Mikono iliyoinuliwa, ya kuwapa watu wa safu za nyuma ambao mikuki yao iliegemea juu ya mabega ya wenzao ili kukinga mishale, imo ya kutosha.

Mavazi nayo yana kasoro. Nusu ya sanamu zimevishwa dirii ya shaba yenye misuli, kana kwamba kila mkulima wa Makedonia alikuwa na fedha za kuinunua. Amri ya kijeshi iliyochongwa kwenye jiwe huko Amphipolis, ya wakati wa Philip V, mfalme wa baadaye wa Makedonia, inataja faini za askari aliyekosa vifaa vyake: oboli 2 kwa chapeo, 3 kwa sarisa, 3 kwa upanga, 2 kwa mabamba ya miguuni, na drakma nzima, yaani oboli 6, kwa ngao. Dirii inatajwa kwa maofisa peke yao. Amri hiyo ni ya baada ya Alexander, nakubali, lakini dirii 20 kati ya askari 40 ni nyingi mno, na nyingine nimezipaka rangi nyeupe zionekane kama kitani.

Kikundi cha uongozi kina ofisa, mpiga tarumbeta na mshika bendera. Sintagma kamili, yaani kikosi cha falanksi chenye watu 256, ilikuwa na watu watano wa ziada, akiwemo mpiga mbiu wa kutoa amri kwa sauti, mtoa ishara wa kutumika makelele yakizidi, na mpiga tarumbeta wa kutumika vumbi likificha ishara. Mpiga mbiu hayumo, nami nimemtengeneza kwa kumnyang'anya askari mmoja mkuki.

Hesabu ya 40 nayo inasumbua, kwani msururu mmoja ni watu 16, na sanduku moja linakupa misururu miwili na nusu. Anayetaka kununua anunue masanduku mawili kwa mpigo, apate misururu mitano kamili, na asisahau ufagio.