Gereji iliyoniuliza kama mimi ni mteja au mkaguzi

Nianze na lile neno, kwa sababu mpaka leo limenikaa kooni. "Mama, wewe ni mteja au mkaguzi?" Niliambiwa hivyo mbele za watu, kwenye gereji moja ya hapa Mbeya mjini. Siyo gereji ya chini ya mti. Ina geti, ina mlinzi, ina mashine ya kunyanyulia magari, na ukiingia unaandikwa kwenye daftari. Jina silitaji, sitaki kesi.

Nilichouliza mimi ni hiki tu: mmeniambia mmeshusha giaboksi, mmebadilisha oilsili ya nyuma ya kranki, yaani ule mpira unaozuia oili isitoke pale mhimili wa injini unapokutana na giaboksi, nimelipa hela yote bila kuomba hata punguzo, sasa mbona boksi nililotandika uvunguni mwa gari jana usiku limeamka na doa la oili la kujaa sahani? Hapo ndipo nikaitwa mkaguzi.

Gari yenyewe ni Carina Ti. Imezeeka, ndiyo, lakini haijawahi kunilaza njiani. Mimi nafuata mchele Kyela, na anayeijua barabara ile hahitaji maelezo: unatoka Uyole, unapandisha Igawilo mpaka Isongole ndani ya ukungu, uko juu ya mita 2,000, halafu unateremka Kiwira, Tukuyu, unateremka tena mpaka unafungua vioo vyote kwa joto la ziwani. Kurudi ni mlima mwanzo mwisho, na mzigo juu. Gari haipumziki.

Kilichonishtua ni stiki ya oili. Kila nikitoka safari naichomoa, naona imeshuka, naongeza. Na kinachoudhi ni kwamba kule Kyela, injini ikiwa ya moto na oili imekuwa nyepesi, inadondosha mpaka unaona aibu kuegesha kwenye uwanja wa mtu uliofagiliwa. Lakini nikiipeleka kwa fundi Mbeya asubuhi ya kipindi kile cha baridi ya kung'ata, injini haijachemka, naambiwa "mbona kavu tu, mama?" Ndiyo maana nikaamua kwenda gereji kubwa. Nilijiambia, kule hawababaishi.

Na siku ya kwanza kweli hawakubabaisha, hilo lazima niliseme. Fundi alinyanyua gari, akaingia chini, akapitisha vidole viwili pale injini inapoungana na giaboksi, akanusa. Akanionyesha: hii ni oili ya injini, siyo ya giaboksi, ya giaboksi ya otomatiki kama hii ni nyekundu. Akasema oilsili ya nyuma ya kranki imekwisha, na ile huifikii mpaka ushushe giaboksi. Maelezo yamenyooka. Oili ilikuwa inadondokea palepale aliposema, kwa macho yangu. Akaongeza kwamba na gasketi ya kava la tapeti, kile kifuniko cha juu ya injini, inavujisha kidogo, bora ibadilishwe hapohapo. Nikakubali vyote. Ufundi 150,000, oilsili 45,000, gasketi 35,000, oili mpya ya giaboksi 60,000 kwa sababu ya zamani lazima imwagike ikishushwa. Risiti ninazo.

Nikaacha gari, nikaja kuichukua jioni ya kesho yake. Wameiosha mpaka matairi. Nikapewa na oilsili ya zamani kwenye mfuko, "ili uamini, mama". Nikaona hawa ndio mafundi.

Safari ya kwanza tu ya Kyela, doa. Nikarudi. Nikaambiwa hiyo ni oili iliyobaki kwenye mifereji, itakwisha yenyewe. Sawa, nikasubiri iishe. Haikuisha. Nikarudi tena, safari hii nimebeba na boksi lenyewe kama ushahidi, na ndipo bosi wao akatoka ofisini na kijiti mdomoni akaniuliza swali lake. Kwenye benchi la wateja kulikuwa na mzee anasubiri kirikuu chake, akacheka. Bosi alipoona amepata mcheko mmoja akatafuta wa pili: "Gari ya miaka yote hiyo unataka isivuje? Hata binadamu akizeeka hajizuii."

Mtu wa umri wa mdogo wangu wa mwisho anasema hivyo, mbele ya mzee. Shikamoo yenyewe sikupewa.

Niliondoka bila kujibu. Mimi huwa najibu, waulizeni madalali wa mchele.

Aliyenitoa kwenye tatizo hili ni kijana mmoja wa huku Uyole ambaye hana hata bango. Ana kontena, kompresa, na turubai la kulalia. Alinisalimia kwanza, nalitaja hilo makusudi, halafu akaniuliza maswali kuliko daktari: inavuja ikiwa ya moto au ya baridi? Ikiwa imesimama au ikitembea? Unasikia harufu ya kuungua? Nani alifungua nini mara ya mwisho? Hakugusa spana mpaka nimemaliza.

Kisha akasema kitu ambacho gereji nzima yenye geti haikukisema: sehemu oili inapodondokea siyo lazima ndipo inapotokea. Inafuata mteremko, na gari ikikimbia upepo unaisukuma nyuma, kwa hiyo inaweza kutoka juu kabisa ikaja kuning'inia chini kwenye giaboksi. Ukitazama injini iliyojaa uchafu unakisia tu. Akaiosha kwa dizeli na brashi, akasuuza, akaikausha kwa hewa ya kompresa mpaka kwenye pembe ambazo mimi sikujua kama zipo. Halafu, nisingeamini kama ningehadithiwa, akatoa kopo la poda ya watoto. Akainyunyiza upande mzima wa giaboksi, injini ikawa nyeupe. "Mama, tuzunguke mpaka Igawilo turudi."

Tuliporudi akafungua boneti, akawasha tochi, akaniita nitazame mwenyewe. Juu ya ule weupe kulikuwa na mstari mmoja mweusi, mwembamba, unang'aa. Unaanzia chini ya distributa, kile kifaa kinachogawa umeme kwenye plagi, unashuka ubavuni mwa injini, unakwenda kuishia palepale yule fundi aliponusa vidole. Kava la tapeti, kavu. Huko chini hakuna chochote kilichoanzia huko.

Kwenye injini hii distributa imechomekwa mwishoni mwa kichwa cha silinda, upande wa giaboksi, na inazungushwa na kamshafti, mhimili unaofungua valvu. Kinachozuia oili isitoke pale ni oringi moja ya mpira. Joto la miaka linaukausha. Kijana alikwaruza alama kwa bisibisi ili distributa irudi ilipokuwa na taiming, yaani wakati wa cheche za plagi, isihame, akafungua bolti, akaichomoa. Ile oringi haikuwa mpira tena. Imekuwa ngumu, imelala bapa upande mmoja, na alipoikunja kidogo ikakatika vipande viwili mkononi mwake. Mpya tuliipata Mwanjelwa kwa 3,000. Ufundi alitaka 20,000, na humo humo akachomoa na ile valvu ndogo ya kupumulia injini, akaitikisa sikioni, akasema ikiwa nzima lazima ilie ndani. Yangu ilikuwa imenyamaza kwa masizi. Akaisafisha kwa petroli ikaanza kulia. Ikiziba, anasema, presha ya ndani inasukuma oili itafute pa kutokea.

Nilipofika hapo nilikuwa tayari kuwasamehe wale wa mjini. Kweli kabisa. Nilitaka niandike kwamba walikisia vibaya, fundi yeyote anaweza kukisia vibaya, kazi yao ni nadhifu, shida ni mdomo wa bosi tu. Mwenye tatizo la breki au beringi ningemwambia aende.

Basi yule kijana akiwa bado chini ya gari akaniuliza, taratibu kama mtu anayeogopa kugombanisha watu: "Mama, hii giaboksi ulisema ilishushwa lini?"

Nikainama. Akamulika bolti zinazoshika giaboksi na injini, moja baada ya nyingine. Zote bado zimevaa koti la vumbi na oili iliyokauka ambalo hata dizeli na brashi havikulitoa, uchafu ule umeunganisha kichwa cha bolti na chuma chake, wa miaka. Spana ikipita pale lazima iache alama. Hakuna hata moja iliyong'aa. Akachomoa stiki ya giaboksi, akaifuta kwenye kitambaa cheupe: kahawia iliyokolea, inanukia kuungua. Ile oili mpya nyekundu ya 60,000 iko wapi? Nikakimbilia buti kuleta ule mfuko wa "ili uamini, mama". Akaishika ile oilsili, akaigeuza, akanirudishia. "Ya nyuma ya kranki inajaa kiganja, mama. Hii ndogo hivi inaweza kuwa ya kamshafti. Na hata siyo lazima iwe ya gari yako."

Kaka yangu, ambaye hapendi ugomvi, anasema nisiape. Anasema labda walikinga oili ile ile kwenye beseni wakairudisha, labda walichanganya mifuko ya wateja. Sawa. Na zile bolti nazo walizipaka uchafu upya? Mimi sikuwepo, siapi. Ila sasa swali la bosi nalielewa vizuri zaidi kuliko siku aliyoniuliza. Mtu aliyefanya kazi yake anamwogopea nini mkaguzi?

Kwa hiyo ule ushauri wa breki na beringi nimeufuta. Msipeleke chochote pale, hata tairi la kuziba. Au mkipeleka, kaeni palepale mpaka kazi iishe, na bolti zipigeni picha kabla.

Gari imeshakwenda Kyela na kurudi mara kadhaa, stiki haijashuka. Kuna unyevu kidogo kwenye sampu, beseni la oili la chini ya injini, kijana ameuona, amesema tuutazame kwanza.

Juzi bosi kanipigia, nadhani habari zimemfikia. Sauti imekuwa ya asali: "Mama yangu, njoo tukufanyie sevisi ya bure." Sevisi siitaki. Nimemwambia nataka ufundi wa kushusha giaboksi, hela ya oilsili na hela ya oili ya giaboksi. Ile 35,000 ya gasketi ya kava la tapeti abaki nayo, ile waliweka kweli na haivuji. Amesema atanipigia.