Kipimaupepo cha mkononi: nimekitumia Dunga muhula mzima

Nafundisha jiografia hapa Kisumu. Kidude hiki nilikinunua Oginga Odinga Street kwa shilingi 2,300. Muuzaji alianzia 2,800. Kinaingia mfuko wa shati, kina pangaboi dogo juu na kioo cha namba chini.

Jumamosi moja nilipanda mashua Dunga, ufukweni mwa Ziwa Victoria, na wanafunzi wanane, upepo wa mchana ukitoka ziwani. Nikakishusha karibu na maji: mita 3.5 kwa sekunde. Nikakiinua juu ya kichwa: 4.4. Msichana mmoja akauliza, "Mwalimu, hiyo iliyopungua imeenda wapi?" Nahodha akanijibia: "Si ndiyo hii inayotulowesha miguu!" Na ndivyo ilivyo. Upepo unasuguana na maji, kasi yake inageuka mawimbi. Kwa swali hilo tu, pesa yangu ilirudi.

Kutoka hapo tukafika kwenye Hidaya, kile kimbunga kilichopiga pwani ya Tanzania Mei 2024. (Kisumu hatuvipati, tumeikalia ikweta, na huku mzunguko wa dunia hauupindi upepo vya kutosha.) Kinachowachanganya wanafunzi ni kwamba msuguano huohuo una kazi mbili. Unaunyang'anya upepo nguvu, lakini upepo uliopunguzwa kasi unashindwa kuendelea kuzunguka kwa mbali, unavutwa kuelekea kitovu, na unaingia na mvuke wa bahari yenye joto. Huo mvuke ndio chakula cha kimbunga. Kikipata joto jingi kuliko kasi kinayopoteza, kinakua. Zamani ilidhaniwa kadiri bahari inavyochafuka ndivyo inavyozidi kuukamata upepo. Mwaka 2003 mtafiti wa vimbunga Mark Powell na wenzake, kwa vipimo vya vyombo vilivyodondoshwa na ndege ndani ya vimbunga, walionyesha kwamba upepo ukipita mita thelathini na kitu kwa sekunde, ukamataji huo hauongezeki tena. Povu linatajwa kuwa mojawapo ya sababu: linaufunika uso wa bahari, upepo unateleza.

Sasa, mwisho wa kipimo changu ni mita 30. Yaani kinanyamaza palepale utamu unapoanza! Kwa Dunga lakini kinatosha na kubaki.

Kasoro: juani namba hazionekani, utakiwekea kivuli kwa kiganja. Na kifuniko cha betri kililegea wiki ya pili, kikazama ziwani. Sasa nimefunga kwa mpira wa pesa. Nyota tatu. Anayejua fundi wa vifuniko hapa mjini anielekeze.