Datsun 240Z: Hizi Kabureta Mbili Msiziguse!

Habari zenu jamani, karibuni tena. Leo sina maneno mengi ya kuanzia, maana gari hili hapa nyuma yangu si langu. Ni la mzee wangu mmoja hapa Nairobi, na ameniachia mpaka saa nne tu. Datsun 240Z! Tazameni hiyo boneti ilivyo ndefu, halafu paa linavyoteremka mpaka nyuma bila kukatika.

Uzito na nguvu za farasi mnazijua, tusipoteze muda. Kamera sogea huku. Boneti hii bawaba zake ziko mbele, kwa hiyo inainuka kutoka upande wa kioo. Haya, ona! Silinda 6 mstari mmoja, lita 2.4, na ubavuni kabureta mbili za Hitachi, yaani vifaa vinavyochanganya petroli na hewa, vichwa vyake vya mviringo kama vikombe vilivyofunikwa. Hizi ndizo zilizonileta.

Nafungua kifuniko cha juu, vidole tu vinatosha. Unaona kijiti kimetoka kimelowa? Humo huwekwa oili nyepesi kidogo. Ukikanyaga mafuta ghafla, pistoni iliyo ndani ya kabureta inataka kuruka juu. Oili inaizuia, pistoni inapanda polepole, petroli inazidi kidogo kwenye mchanganyiko wake na hewa, gari linavuta. Oili ikiisha, ukikanyaga linasita kama linataka kuzima. Hapo ndipo watu wanapotea! Fundi mmoja alimwambia rafiki yangu atoe kabureta zote, tena aweke injini nyingine kabisa. Tulijaza oili tu, gari likapona siku hiyohiyo. Iliniuma sana, kwa sababu nimeona mengi yaliyoshaharibiwa hivyo.

Tuwashe. Choki, ile ya kuongeza petroli injini ikiwa baridi, hii hapa kati ya viti, karibu na gia. Naivuta yote, mguu siweki popote. Stata... ngoja... hiyo! Inanguruma kwa juu, ndivyo inavyotakiwa injini ikiwa baridi. Narudisha choki nusu. Tusubiri kidogo. Mnasikia inavyotulia? Namalizia kuirudisha. Waliovaa spika za masikioni, leo mmefaidi. Nakanyaga... Aah! Chini inavuma kama mzinga wa nyuki, ikipanda inakuwa tarumbeta. Ngoja nirudie. Aah, jamani!

Lilitoka Japani mwishoni mwa 1969, na kwao likiitwa Fairlady Z. Yutaka Katayama, aliyekuwa akiongoza Nissan, wenye jina la Datsun, kule Marekani, hakulitaka jina hilo, kwa hiyo Wamarekani waliuziwa 240Z, kwa dola 3,526. Jaguar E-Type ilikuwa ghali zaidi, na Porsche 911 ndiyo usiseme. Kwa sura, nakiri, E-Type bado inanivuta kuliko hili. Lakini E-Type ilishinda lini mbio zetu za Safari Rally?

Hili lilishinda! 1971, Edgar Herrmann na Hans Schüller wa kwanza, Shekhar Mehta wa pili, wote ndani ya 240Z. 1973 ikawa zamu ya Mehta mwenyewe, akiwa na Lofty Drews, baada ya kulingana pointi na Harry Källström, naye akiendesha Datsun ya aina nyingine. Mwenye gari hili alikuwa mtoto wakati huo, alisimama kando ya barabara mpaka akarushiwa tope usoni, na toka hapo alikuwa anaitafuta Z yake. Katikati, 1972, Hannu Mikkola alishinda na Ford Escort. Escort ndiyo video ya wiki ijayo, bonyezeni kengele isiwapite.

Sasa kutu. Mulika tochi hapa chini ya betri. Umeona? Rangi imevimba, na nikigusa kwa ukucha inabanduka. Sakafu nayo ndivyo hivyo, inua zulia. Nilipanga kuwaambia mkiipata mnunue bila kufikiri. Bei zimepanda mno siku hizi, kwa hiyo nageuza: njoo na sumaku, ipitishe mlangoni na kwenye matao ya magurudumu. Isiposhika, hapo pamejazwa lipu, shusha bei au ondoka. Injini isikutie hofu. Bodi ndiyo itakayokumaliza.

Mzee huyo anakuja kuchukua funguo. Mzee wangu, shikamoo! Nipe dakika moja, nikanyage mara ya mwisho watazamaji wasikie...