Uzoefu wangu: risasi za JSB katika bunduki ya upepo ya milimita 5.5

Kwa miezi mitatu sasa nimekuwa nikizijaribu risasi aina ya Exact Jumbo za kampuni ya JSB, za kipenyo cha milimita 5.52, katika bunduki yangu ya upepo aina ya Diana 34, ninayoimiliki kwa kibali na kuitumia kulenga shabaha za karatasi shambani Hombolo, Dodoma, mbele ya tuta nene la udongo laini.

Awali nilikuwa natumia risasi za bei nafuu, ambazo kopo lake lilisifu kasi na nguvu. Kwa umbali wa mita 25, risasi tano zilitawanyika kwa milimita 48, nami nikailaumu darubini ya kulengea, nikakaza skrubu zake zote, nikabadilisha hata namna ya kukaa. Ufumbuzi niliupata kwa sonara. Niliazima mizani yake ya dhahabu nikapima risasi 50 za kopo lile, moja baada ya nyingine: nyepesi kuliko zote ilikuwa na gramu 0.87, nzito kuliko zote gramu 1.01, na kadhaa zilikuwa zimebonyea ukingoni kwa nyuma. Kubonyea huko si jambo dogo, kwa maana ukingo huo laini ndio unaotanuka kwa msukumo wa hewa na kuziba mtutu. Ukiharibika, hewa huvuja, na kila risasi hutoka kwa kasi yake.

Risasi za JSB zimeandikwa gramu 1.03, na kati ya 50 nilizopima, 46 zilikuwa kati ya 1.02 na 1.04. Baada ya kupiga 20 za kwanza ili mtutu uzizoee, tano zilizofuata zilikaa ndani ya milimita 19. Kwangu hilo ni badiliko kubwa mno, na bunduki ni ileile.

Hata hivyo, risasi nzuri haimwokoi anayeibana bunduki ya springi kama hii yangu, ambayo springi husukuma pistoni ili ikandamize hewa. Pistoni huitikisa nyuma na mbele kabla risasi haijatoka mtutuni, kwa hiyo kiganja changu cha kushoto hukiacha wazi, kama mto tu wa kuilaza.

Bei yake ni kubwa, na nilisubiri wiki tatu mzigo ufike kutoka duka lenye leseni Dar es Salaam. Tena, kwa kuwa Kiswahili huita madini yenyewe risasi, isisahaulike kwamba ni madini yenye sumu: ninanawa kwa sabuni kila nimalizapo, na watoto hawaligusi kopo.

Anayetaka kupima kwa haki hapa Dodoma aanze saa kumi na mbili asubuhi. Nilipojaribu saa tano, upepo wa kiangazi ulizisukuma zote tano pembeni kwa takriban milimita 30, ingawa zilibaki zimekaribiana.