Major Payne (1995): nimeitazama na familia, haya ndiyo maoni yangu

Ukitafuta muvi ya kuchekesha ya kuwakusanya sebuleni wazee, mashangazi na vijana wa sekondari, weka Major Payne. Naipa nyota nne kati ya tano, na hiyo moja niliyoikata nitaieleza.

Damon Wayans ndiye Meja Benson Payne, askari wa Marine wa Marekani asiyejua kazi nyingine zaidi ya vita. Anarukwa kwenye kupandishwa cheo, halafu anaambiwa jeshi halimhitaji tena. Uraiani panamshinda. Jenerali aliyemfahamu zamani anamtafutia kazi katika shule ya Madison, huko Virginia, awanoe vijana wa kadeti kwa ajili ya mashindano ya kijeshi ambayo shule pinzani ya Wellington ndiyo imezoea kuondoka na kombe. Vijana wenyewe ni watukutu, wengine wadogo, wengine wamekata tamaa, na kiongozi wao, Alex Stone, hataki kabisa kuamrishwa.

Wayans ameibeba filamu hii mabegani. Jino la dhahabu mbele, sauti ya puani, mgongo umenyooka hata akiwa amekaa kitandani. Uzuri wake ni kwamba Payne hajui kama anachekesha. Kila analolisema analiamini kwa moyo wote. Askari wake amejeruhiwa begani, analia kwa maumivu. Payne anamwinamia na kumwambia anayo mbinu ya kumsahaulisha. Anamshika kidole, anakivunja. Kweli bega linasahaulika! Kwake huo ni wema, na ukishaelewa hivyo utamwelewa Payne mpaka mwisho wa filamu.

Aliyeniteka moyo zaidi ni Tiger, yatima mdogo kuliko kadeti wote, anayechezwa na Orlando Brown kabla hajawa maarufu kwenye tamthilia ya vichekesho ya That's So Raven. Usiku mmoja Tiger hapati usingizi kwa sababu kabatini kuna zimwi. Mtu mzima mwingine angefungua mlango amwonyeshe kwamba hakuna kitu. Payne anachomoa bastola na kulimiminia kabati risasi, kisha anamhakikishia mtoto kwamba kama zimwi bado limo, basi halina furaha. Baadaye anamsimulia kile kihadithi cha kitoto cha garimoshi dogo linalojikongoja, lakini kwa Payne garimoshi linaingia kwenye eneo la adui, mashambulizi yanaanza na watu wanakatika viungo. Tiger ametulia, macho yamemtoka. Pale nilicheka huku nikimhurumia Payne, maana ni wazi hadithi za aina hiyo ndizo pekee alizo nazo za kumpa mtoto.

Kuna sehemu moja chungu ambayo watu hawaisemi sana. Payne anawaahidi vijana kwamba wakimletea kombe ataondoka, nao wanakwenda kuliiba Wellington usiku. Wanakuta wanasubiriwa, wanapigwa, na aliyewachongea ni Payne mwenyewe. Sikuipenda hila hiyo, lakini bila hiyo vijana wasingeanza kulitaka kombe kwa jasho lao. Na baba wa kambo wa Alex, mlevi katili, anapotokea, tunaona sababu ya ukaidi wa yule kijana. Michael Ironside, anayemcheza baba huyo, anatisha pale kwa muda mfupi tu.

Gwaride la mwisho ni raha tupu. Aliyekimbia mchakamchaka shuleni au kupiga kwata JKT ataisikia miguuni: mwitikio, madoido, hatua zinazogonga pamoja.

Sasa ile nyota niliyoikata. Marekani filamu hii imewekewa daraja la PG-13, yaani wazazi wanaonywa kuhusu watoto wa chini ya miaka 13, na wamekuwa sahihi. Bunduki ni nyingi, lugha ni kali, na maneno anayotupiwa kadeti mnene yanauma kwa mtoto ambaye naye anataniwa hivyo shuleni. Ukiwa naye karibu, zungumza naye. Tena Karyn Parsons, anayecheza mshauri wa shule na ndiye anayempinga Payne kwa hoja, amepewa nafasi ndogo mno. Ukiacha lile tukio la Payne kucheza dansi kama roboti mbele yake, mapenzi yao yanaendeshwa haraka haraka.

Wenye watoto wa chekechea na darasa la kwanza watafute filamu ya zamani iliyozaa hii, The Private War of Major Benson ya mwaka 1955. Humo afisa mkali ni Charlton Heston, shule inaendeshwa na masista, na Tiger yumo pia. Haina vurugu za Wayans na inakwenda polepole, ila mtoto wa miaka sita ataitazama bila wewe kukimbilia rimoti.